Niliokoa Kompyuta Isikatwe

Mimi ndiye yule nyanya wa Kitengela aliyekataa shamba lake likatwe ploti. Sasa sikieni aibu yangu.

Binti yangu Naserian alikuwa anaweka Linux, mfumo mpya wa kuiendesha, kwa kompyuta yetu. Ikauliza: diski igawanywe, vitu vya zamani vibaki upande mmoja, ama itumike yote?

"Yeyo, usiguse, napokea simu," akaniambia; yeyo ni mama kwa Kimaasai.

Nikabonyeza yote. Mimi sigawi kitu. Aliporudi, nilikuwa nimeketi mbali kana kwamba sikugusa.

Jumapili wamama wa kanisa walikuja kuona picha za harusi yake. Nikawaringia: "Hii niliiokoa isikatwe kama mashamba yenu."

Ikawaka safi, bila picha hata moja.

"Yeyo! Kumbe ni wewe ulifuta harusi yangu?"

Mama Sein, mmoja wa wamama hao, aliyeuza shamba lake lote, akanisogezea kiti. "Karibu, dada. Sasa tuko wawili."