Maji ya Samaki wa Baba Ikram

Jirani yangu Mama Clever ndiye aliyeniambia kwamba Baba Ikram anakunywa maji ya samaki. Tulikuwa tunachambua maharage uani. Alisema amemchungulia dirishani kwa macho yake mwenyewe: mzee kachuchumaa, ncha moja ya mpira mdomoni, ncha nyingine ndani ya sanduku la kioo anamofugia samaki, anavuta.

"Unafikiri kwa nini lori lake halijawahi hata kukwaruzwa?" aliniuliza. "Samaki wale si wa mboga, mdogo wangu. Wale ndio wanaoendesha."

Nilicheka, lakini nilimvuta mwanangu Ombeni karibu.

Baba Ikram ni dereva wa lori, anavuka mpaka hapa Tunduma kwenda Zambia na kurudi. Anakaa chumba cha mwisho kwenye nyumba tuliyopanga, peke yake tangu mkewe afariki. Samaki ni wa binti yake, Ikram. Alipoolewa Mbeya alimwachia baba yake na kumwambia wakifa asimpigie simu. Ni mzee wa utani. Akinisikia namwimbia mtoto jikoni, anapaza sauti kwamba maharage yangu yananukia mpaka Nakonde, Wazambia wanauliza yataiva saa ngapi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniuma. Bibi yangu kule Isansa alinifundisha kumpigia goti mtu mzima na kukaa kimya mpaka yeye anisemeshe kwanza. Baba Ikram nikimpigia goti uani asubuhi, ananipita kama ndoo. Nilidhani ananidharau, maana mume wangu Osea ni wa bodaboda tu.

Jumapili ile, baada ya ibada, nilimrudishia bakuli lake alilotuletea pilau. Mlango ulikuwa wazi. Nilipobisha hodi alijua sauti yangu.

"Ingia, Mama Ombeni," alisema. "Ukamwambie Mama Clever nimemsikia: maji ya majini wangu yananywewa bila sukari."

Kumbe ni usafi tu. Alikuwa anafanya vile wanavyonyonya dizeli madereva wote wa barabara hii, ila kwa mpira mpya unaoonyesha ndani. Alitumbukiza ncha moja kwenye sanduku, akavuta pumzi kidogo kwa ncha ya pili, maji yalipokaribia mdomo akaishusha haraka kwenye ndoo sakafuni. Yakawa yanatiririka yenyewe. Ile ncha ya ndani aliipitisha juu ya kokoto taratibu, na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula vikanyanyuka kama vumbi, vikaingia mpirani. Aliniambia hatoi maji yote, samaki watashtuka. Atajazia ya bomba aliyoyalaza tangu jana ili dawa iishe ukali. Hayo machafu, alisema, huyamwagia mchicha wangu, ndiyo maana unanenepa kuliko wa Mama Clever.

Nilikuwa natabasamu bado nilipoona kitu chekundu kinapita ndani ya mpira. Kisha kingine. Samaki wawili wadogo waliangukia ndooni, wakaanza kuzunguka kwenye uchafu. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alitoa mpira, akaukunja, akapapasa mpini wa ndoo na kuelekea mlangoni kwenda kumwaga.

Nilimshika mkono. "Baba, samaki wamo humo."

Aliweka ndoo chini akainama. Aliangalia kwa muda, lakini alikuwa anaangalia upande ambao samaki hawakuwapo. Mwisho aliingiza mkono, mmoja akamgusa kidole, naye akaketi sakafuni pale pale.

Dirishani niliona pua ya lori lake, limepakia saruji, turubai limeshafungwa. Safari ilikuwa kesho alfajiri.

Nilimuuliza tangu lini. Alisema tangu kabla ya mfungo, kama ukungu wa Mbozi uliokataa kuondoka. Anafuata taa za gari la mbele, na akitoka kwenye lami anajua kwa mlio wa matairi. Hospitali wamemwambia ni mtoto wa jicho, akipasuliwa ataona, lakini mwenye lori akisikia tu neno macho, kiti kitapata mtu mwingine. Aliyasema kwa upole, kama anavyonieleza habari za samaki. Mimi nilikuwa namwona Osea kwenye barabara ile ile, na pikipiki yake ndogo.

Nilishindwa kumgombeza. Nilichoweza kusema ni kile kilichokuwa kikiniuma.

"Nilikuwa nakupigia goti hapo uani."

"Lini?"

"Kila asubuhi ukiwepo. Mtoto mgongoni."

"Kwenye njia ya kwenda bafuni?"

"Hapo hapo. Mbele ya miguu yako."

Kimashine cha mapovu sandukuni kilikuwa kinaunguruma. Baba Ikram aliweka viganja usoni, na nilipomwona analia ndipo machozi yakanitoka na mimi. Niliwachota wale samaki kwa bakuli la pilau nikawarudisha kwao.

Alisimama, akapapasa msumari ukutani, akatungua funguo za lori. Alinitafuta mkono mpaka akaupata.

"Nishikie hizi, mwanangu," alisema. "Kesho alfajiri nitakuja kubisha kwako, na nitakuwa na maneno matamu. Usinipe."