Mchana Shemasi Alipocheza kwenye Televisheni

Tulikuwa wanne mbele ya televisheni: mama yangu Sifa, mimi, jirani yetu Kashindi fundi nguo na mke wake Bernadeta, wenye televisheni pekee mtaani kwetu Uvira, kabla sijakimbia nchi. Juzi hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nimeona kwenye televisheni wanawake wa Lilongwe, wamevaa vitenge vya chama, wakimchezea mkubwa fulani, na mchana ule ukanirudia pamoja na harufu ya pasi ya makaa.

Baba yangu Asende, shemasi, alikuwa amechukuliwa na vijana wa chama tawala kwa kukataa kuimba nyimbo zao. Mara nikamwona kwenye kioo cha televisheni, amepangwa mstarini na wachezaji wa chama, anakata kiuno.

“Mama, baba njo ule! Iko anacheza!” nikaita, nikimwonyesha kwa kidole.

Kashindi akacheka. “Kumbe shemasi iko na kiuno!”

Nilifurahi. Nilidhani wamemwalika sherehe, na jioni atarudi.

Mama akashika mdomo. “We mtoto, baba yako hajawahi kucheza, hata siku ya ndoa yetu. Bamemufanya nini?”

Kashindi akarudi kwenye pasi yake ya makaa.

Baba hakurudi. Ninyi wa mtaa ule mliobaki, kama nimekosea jina la mtu, mnirekebishe. Ila msiniambie kwamba alikuwa anafurahi.