Moyo Usioshtuka

Josephati alijulikana Karatu nzima kwa vidole vyake. Mafundi wengine walisikiliza injini. Yeye aliigusa, amefumba macho, akakutajia ugonjwa. Ufundi huo alifundishwa na Bruda Anselmi, Mjerumani wa gereji ya misheni, aliyemlea kama mwanawe.

Bruda akaugua moyo, akarudishwa kwao. Mwaka 1984 akaja kusalimia, kifuani ana moyo wa marehemu fulani, madaktari wamempandikizia. Mji mzima ulikwenda kumtazama. Petronila, mkewe Josephati, hakuzungukazunguka.

"Bruda, huo moyo mpya una habari na sisi kweli?"

Bruda akacheka. Akaeleza kwamba walipoupandikiza, mishipa yake ya fahamu ilikatwa. Unadunda wenyewe, haraka kidogo, ila habari za kichwani haziufikii. Yeye akishtuka sasa, moyo unakuja kushtuka baadaye, damu ikishaufikishia taarifa.

"Huenda mishipa ikaota tena," alisema. "Huenda isiote."

"Na uliponiona mimi pale getini?" Josephati aliuliza.

"Moyo ulitulia tu, mwanangu."

Jamani, ilimuuma! Alijua ni upuuzi, mtu mzima kuununia moyo wa marehemu, lakini ilimuuma. Tangu hapo, kila Bruda alipokuja likizo, Josephati alimvizia: mara agonge boneti kwa spana, mara apige honi mgongoni kwake, kisha amdake mkono apime mapigo. Wapi! Yaleyale. Petronila akamwonya kwamba ataua mzungu wa watu.

Siku moja mwaka 1988, Bruda akiwa likizo na Petronila akipika uani, Josephati alikuwa gereji chini ya Landrova iliyovunjika springi huko Kreta ya Ngorongoro. Jeki ikateleza. Gari likashuka kwa kishindo, vumbi likatanda. Kilichomwokoa ni tairi la akiba alilokuwa amelilaza chini ya chesisi, kama alivyofundishwa.

Alipojiburuta nje alimkuta Bruda amekaa chini, amepauka, mkono kifuani. Josephati akamshika mkono ule mwingine. Mapigo yalikuwa yanakimbia.

"Moyo umeanza kukimbia saa ngapi?"

"Gari liliposhuka," Bruda alisema, machozi yanamtoka. "Palepale, Josephati. Palepale."

Josephati hakukumbuka hata kujipangusa vumbi. Aliketi naye pale chini, vidole bado viko mkononi mwa mzee, akaita kwa sauti:

"Petronila! Njoo ushike! Moyo unatujua!"