Gaudens na Mlango wa Mtani Wake

Ofisi yetu haikuwa na mahali pa kupigia hodi. Naanzia hapo kwa sababu ndipo ugomvi wote ulipoanzia. Mgeni aliingia kwenye lango kubwa la chuma, akauona ukumbi mzima hauna chumba hata kimoja, akabaki amesimama na kofia mkononi. Mwisho wake aliupigia hodi ukumbi wote, nasi sote, wahasibu, makarani, wapiga chapa, mpaka mama wa chai kule nyuma, tukamwitikia "Karibu!" kwa mpigo. Wengine waligeuka wakatoka, wakidhani wameingia shule.

Jengo lenyewe lilikuwa kinu cha mafuta ya nazi, pale Gerezani, na bomba lake la moshi lilionekana toka Kariakoo. Sisi watoto wa Ilala tulikua na king'ora chake. Cha mchana kikilia, bibi yangu anainjika chungu. Baada ya Azimio la Arusha kinu kikawa mali ya umma, mitambo ikazeeka ikahamishwa, jengo likaachiwa popo. Kisha shirika letu la kusambaza bidhaa mikoani likapewa jengo lile, na kazi ya kuligeuza ofisi akapewa Gaudens.

Gaudens alikuwa mchora ramani wa serikali kule Posta. Mrefu, mwembamba, penseli nyuma ya sikio, na sauti ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosea. Alikuwa Mchaga wa Kibosho, na kaka yake Leodegar alikuwa na duka la jumla Kariakoo lililojaa mpaka kwenye dari. Leodegar hakuacha kumsema: "Mchaga gani wewe, unachora vyoo vya watu?" Na kweli, maisha yake yote Gaudens alikuwa amechora vyoo vya shule, maghala ya pamba na nyumba za walimu, vyote kwa kufuata ramani zilizokwisha kuchorwa na wengine. Kinu kile ndicho cha kwanza alichoambiwa akifanye anavyoona mwenyewe. Alikuwa amekaribia miaka hamsini, na alijua hatapewa kingine.

Mimi Sitara nilikuwa mpiga chapa. Ofisi yetu ya zamani ilikuwa Mchafukoge, vyumba vya ghorofani vya giza, kila mkubwa na mlango wake, na faili likitoka chumba cha kwanza hufika cha nne limeota mvi. Gaudens alikuja kutuuliza kazi zetu zinavyokwenda. Akaniuliza, wewe kwa siku unaongea na nani zaidi? Nikamjibu, naongea na ukuta. Nilisema kwa hasira, maana meza yangu ilikuwa kwenye ujia na kila apitaye alinigonga bega. Hakucheka. Alisema, "Pole, dada," na kutoka siku ile nikampenda kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Wazo lake alilitoa sokoni. Alikuwa akienda dukani kwa Leodegar kila Jumamosi, na njiani anasimama kutazama. Anayeuza nyanya anamwita wa vitunguu, wa vitunguu anamwelekeza mteja kwa wa nazi, wakigombana kila mtu anasikia na ugomvi unaisha palepale. "Hakuna mlango hata mmoja pale, dada Sitara," aliniambia, "na mji mzima unakula."

Basi akatuchorea ukumbi mmoja. Zile nguzo za chuma hakuzigusa. Vioo vya paani, vilivyokuwa vimepakwa lami tangu enzi za vita, alivisugulisha mpaka mwanga ukashuka sakafuni. Mbao za kuanikia mbata zikawa meza ndefu za watu kukaa pamoja. Sisi wapiga chapa, kwa ajili ya kelele, alituweka upande wa mashariki, akatuzungushia mikeka minene ya katani iliyoning'inia toka juu, ikameza makelele bila kutuficha. Chumba cha tanuri kikawa jiko la chai. Na kuta alizipaka chokaa mara tatu, lakini jua la Januari likipiga zilitoa jasho la mafuta, ukumbi wote ukanuka wali wa nazi, na kufika saa tano hakuna aliyeweza kufanya hesabu kwa njaa. Mpaka leo nikisikia harufu ya tui linachemka, roho yangu inarudi pale.

Sasa, Meneja Mkuu wetu, Ndugu Shomari. Mpare wa Usangi, mfupi, nadhifu, mkali wa saa. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini alikuwa amesota miaka mingi kupata cheo, na alipokipata akakuta cheo hakina mlango. Meza yake ilikuwa katikati, chini ya kioo kikubwa kuliko vyote, na watu walimfikia toka pande zote bila hodi. Mwezi haujaisha akatangaza kwamba atajengewa chumba palepale, cha mbao laini mpaka juu.

Hata mimi nisiyejua ramani niliona. Kioo kile ndicho kilichotoa mwanga wa ukumbi mzima. Akijenga pale, nusu yetu tunarudi Mchafukoge, gizani. Na wakuu wa idara walishaanza kupima pembe zao kwa macho, kila mmoja akisubiri Meneja ajenge naye aombe.

Gaudens alikuja, akasimama mbele ya meza ya Shomari, akasema kwa sauti ile yake, "Ndugu Meneja, naomba..." Shomari akamwambia kazi yake imekwisha, amshukuru Mungu. Alipopita kwangu macho yake yalikuwa mekundu. Niliumia, jamani. Ule ukumbi ndio mtoto pekee ambaye maishani mwake hakumnakili kwa mtu.

Kilichotuokoa kwanza ni uhaba. Mlango ulifika mapema, wa mninga, kazi safi ya fundi wa Ilala, na kitasa cha shaba. Mbao laini za ukuta hazikupatikana mji mzima. Basi mlango ukaegemezwa kwenye nguzo, ukakaa wiki baada ya wiki. Watani wa ofisini wakawa wakipita wanaubishia hodi, halafu wanauzunguka kwenda kwa Meneja. Naye akawa anasaga meno.

Siku moja Gaudens alikuja kukagua bomba la jikoni, nikamkamata mkono.

"Hivi kaka Gaudens, wewe si Mchaga?"

"Ndiyo, dada."

"Na yule si Mpare?"

Akanitazama, akaelewa, akatikisa kichwa. "Dada Sitara, mimi utani siujui. Utotoni nilikuwa nawakimbia watani msibani."

"Mimi Mzaramo. Angekuwa Mnyamwezi nisingekusumbua, ningemmaliza mwenyewe. Huyu ni wako wewe."

Kwa asiyejua, Mchaga na Mpare ni watani, kama Mzaramo na Mnyamwezi, na utani wa makabila si mzaha wa kupoteza wakati. Mtani akichukua kitu chako mbele za watu, huna ruhusa ya kukasirika. Unakikomboa, au unakiacha. Anayemkasirikia mtani wake hakuna atakayetaniana naye tena, atacheka peke yake siku zote zilizobaki.

Gaudens alirudi keshoye saa ya chai, watu wote wamekaa, na mkokoteni alioukodi sokoni. Akauinamisha ule mlango, akaupakia. Halafu akapaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue:

"Mpare kaacha mlango nje, Mchaga nimeuona! Mtaniona mjinga nikiuacha?"

Mashine zote za chapa zilisimama. Shomari aliinuka, uso umemwiva, na wakuu wa idara wakamtazama wajue wacheke au waite askari. Nikasema moyoni, tumekwisha, na kaka wa watu nimemponza mimi.

Shomari akavuta pumzi. "Mwizi huyo!" akasema. "Nilisema mimi, Mchaga haji mahali bure! Unataka kikomboleo gani?"

"Kaa na hawa watu mpaka masika yaishe," Gaudens akajibu. "Ukiona wamekushinda, njoo kwangu Ilala uchukue mlango wako."

Kicheko kilichopanda pale kiliwatoa popo waliobaki. Shomari mwenyewe alicheka mpaka akatoa leso. Afanye nini?

Basi akakaa. Masika yale barabara ya kusini ilikatika, na siku moja alikuwa kwenye simu akiwafokea Lindi kuhusu unga uliopotea. Karani wa meza ya pili akasikia, akasema unga ule uko Kibiti, lori limekwama. Karani wa magari akaruka, kabla simu haijakatwa lori jingine limeshapata dereva. Shomari aliweka simu chini, akatutazama mmoja mmoja kama tumeajiriwa siku ile. Masika yakaisha, vuli ikaja ikapita, Ilala hakwenda.

Kila Gaudens akipita kututembelea, Shomari aliita toka mezani kwake: "Mwizi wangu kaja! Mlango wangu mzima?"

"Mzima, unakusalimu."

Miaka ikaenda hivyo. Sukari ilipotea, sabuni ilipotea, tukapanga foleni za kila kitu, lakini salamu ile haikukosekana.

Gaudens alifariki mwaka themanini na nne, ugonjwa wa figo. Nilikuta uwanja wa nyumba yake Ilala umejaa, jeneza liko tayari, lori linanguruma kumpeleka Kibosho akazikwe kwao. Mara nikamwona Shomari, amestaafu, mvi tupu, anapita katikati ya watu. Akaenda akalala chali barabarani mbele ya lori, kama watani wafanyavyo msibani.

"Haondoki mtu hapa!" akapiga kelele. "Huyu kafa na mlango wangu! Nani atanilipa?"

Waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku wanalia. Candida, mjane wa Gaudens, akajifuta machozi, akasema, "Mleteeni mtani mlango wake."

Vijana wakaingia ndani wakautoa. Miaka yote ule mlango ulikuwa meza yao. Watoto walikuwa wamejifunzia kuandika juu yake, ulikuwa umejaa wino, na kitasa cha shaba kilikuwa kimeng'aa kwa kuchezewa. Wakausimamisha mbele yake. Shomari akainuka, akapangusa vumbi, akaupapasa juu mpaka chini.

"Sasa nikaufunge wapi, mtani wangu?" akaliuliza jeneza. "Na ukuta hukuniacha nijenge."

Akauegemea ule mlango kwa paji la uso, akalia. Na lori likaondoka.