Siku Niliyomruka Faida

Nilipokuwa na miaka minane, katika nyumba yetu ya matofali mabichi pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, niliamini kwamba mimi ndiye niliyemlemaza mdogo wangu.

Jina lake Faida. Alikuwa ametimiza mwaka, lakini shingo yake ilikuwa bado inalegea, na macho yake yalikwenda yanakotaka; ukimchekea, alitazama ukuta. Asubuhi moja, Mama akikaanga mandazi ya kuuza, nilisikia foleni ya maji imeanza kusogea. Nikanyakua ndoo, nikamruka Faida pale mkekani, juu ya miguu yake.

"Rudia!" Bibi, mama yake Baba, alipiga kelele. "Mutu akiruka mutoto asirudie, ule mutoto hakomee tena!"

Kwao Kindu, kule Kongo, kila mtu alijua: ukimruka mtoto, umruke tena kinyume, la sivyo umemzuia kukua. Nami nilijua. Lakini nilikimbilia maji, na niliporudi nilikuwa nimesahau.

Miezi ikapita. Watoto wa rika la Faida wakaanza kukimbia. Yeye hata kukaa hakuweza. Bibi alimwogesha maji ya majani, akanitazama. Kwa kutazamwa kule nikawa siwezi kumaliza nsima, ugali wa huko. Kwa nini sikumruka tena kwa siri? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani niliogopa nitaruka na asipone, halafu nijue kwamba dawa hakuna.

Hatimaye Mama akampeleka hospitali, Lilongwe, na mimi nikachukuliwa kwa sababu ya Chichewa changu cha shule. Muuguzi alimmulika Faida machoni, akamnyoosha miguu, akauliza kama alilia alipozaliwa. Nikatafsiri.

"Alikawia," Mama alisema. "Balimupigapiga mugongo, njo akalia."

Muuguzi akaeleza taratibu, akinitazama mimi. Leo naelewa: Faida alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo ukaumia, ndiyo maana miguu imechelewa, na ndiyo maana ubongo haupokei vizuri kile ambacho macho yanauletea. Siku ile niliokota nilichoweza.

"Anasema macho iko muzima, lakini haione."

"Iko muzima na haione? Uliza muzuri."

Nikauliza. Muuguzi akarudia yale yale, akaongeza kwamba si kosa la mtu. Maneno hayo niliyaelewa yote, na ndiyo yaliyonishinda kuyatafsiri.

"Anasema nini?"

"Mama, mi njo nilimuruka. Sikurudia."

Mama akamchukua Faida, akamshukuru muuguzi. Tulipotoka nje, alitandika kitenge kwenye nyasi mbele za watu, akamlaza Faida.

"Muruke. Toka ile ngambo."

Nikaruka. Mama akamfunga mtoto mgongoni, tukashuka hadi Old Town, mtaa wa maduka, akaninunulia chipsi. Nilikula hadi nikalamba mfuko.

Mazoezi aliyofundishwa na muuguzi Mama aliyafanya kila siku, akikunja na kukunjua miguu ile, akitikisa kopo lenye vijiwe ili Faida ageuze kichwa. Faida alisimama akiwa na miaka minne, ameshika ukuta. Bibi alisema ni kule kuruka. Baba alisema ni mazoezi. Mama aliendelea kutikisa kopo. Siku hizi Faida anatembea kwa kuyumba na anatujua kwa sauti. Nyuso zetu sijui anazionaje.

Mwaka jana nilimuuliza Mama kama siku ile aliamini.

"Siku ile nilikuwa na batoto babili bagonjwa," alisema.

Wa pili nilikuwa mimi. Muuguzi alisema si kosa la mtu, na mimi sikuona nimesamehewa mpaka niliporuka. Mambo hayo mawili hayajakubali kukaa pamoja kichwani mwangu, na nimeacha kuyalazimisha.