Fensi ya Mama Opondo

Syprose, ambaye Mogogosiek nzima inamwita Mama Opondo, ni mama mfupi, na ufupi huo ameutumia vizuri maishani. Akichutama nyuma ya fensi ya kanisa na mkasi wake, wewe humwoni. Yeye anakuona.

Alitoka kule ziwani akiwa bibi arusi, akachuna chai miaka ishirini na sita, akamzika mume, akastaafu. Siku ya kuaga kazi alipita kwa meneja, akaokota matawi ya boksiwudi, ule mmea wa fensi, yaliyokatwa na kutupwa, akayafunga kwenye leso. Nyumbani aliyakatakata vijiti akavipanda vile vile miche ya chai inavyopandwa kitaluni: kila kijiti na kimfuko chake cha udongo, nailoni juu, kivuli, maji kidogo. Vikashika. Akavihamishia kanisani.

Mmea huo ni mkaidi, unakua polepole kama umelazimishwa. Miaka kumi na mmoja ndipo fensi ilifika kifuani, imeshikana, majani madogo yanang'aa mwaka mzima. Mama Opondo haikati jua likiwa kali, majani yasiungue. Anangoja mawingu. Tena anaingiza mkono ndani kupunguza vitawi, hewa ipite. Watu husema anaipenda kuliko mwanawe. Ni kweli, na Opondo mwenyewe anajua.

Sasa Jumapili moja Mzee Gibson, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akasimama.

"Hii fensi ing'olewe tupande chai," akasema. "Kitu hainyweki, ng'ombe hawezi kula, inatusaidia na nini?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Wangeamua Jumamosi, mwisho wa siku tatu za kufunga na kuomba, ambazo Gibson mwenyewe alizitangaza kwa sauti nzito. Mama Opondo alienda nyumbani akalia kwa hasira. Miaka kumi na mmoja, halafu mtu anasimama tu na tai yake anasema ing'olewe.

Alhamisi, watu wakiwa ndani wanaomba, alikuwa amechutama pembeni akikata, akasikia mtu anatafuna upande wa pili. Akachungulia. Gibson alikuwa amekalia jiwe, mgongo kwenye fensi, flaski miguuni, chapati mkononi. Mama Opondo akajiziba mdomo kwa leso. Ijumaa mzee akarudi pale pale, saa ile ile.

Jioni hiyo kulikuwa na mawingu. Mama Opondo akaingiza mkasi kwenye fensi, sawasawa na lile jiwe, akatoa tawi moja moja mpaka kukawa na tundu la kutosha kichwa. Upande wa Gibson aliacha pazia jembamba la majani. Kila tawi lilimuuma rohoni.

Jumamosi mzee akaketi, akafungua mfuko wa chapati na maharagwe, akamega. Majani yakaachana karibu na sikio lake.

"Mzee Gibson, habari ya kufunga?"

Chapati ikamkwama kooni.

"Mama Opondo," akasema alipopata pumzi. "Hii ni mambo ya dawa. Daktari alisema nisimeze na tumbo tupu."

"Pole sana, mzee. Kumbe dawa yenyewe inaenda na maharagwe."

Gibson akarudisha chapati mfukoni.

"Mimi sina maneno," Mama Opondo akaendelea kwa upole. "Nawaza tu. Hii fensi ikitoka, mtu akikaa hapo ataonekana mpaka dirisha ya kanisa. Na chai unajua mwenyewe, ikishakatwa inafika tu kiunoni."

Kwenye dirisha hilo alikuwa amesimama Chepkurui, mke wa Gibson, akiongoza akina mama kwa maombi, midomo imemkauka siku ya tatu. Gibson alimtazama mkewe kupitia lile tundu, akatazama fensi, akafunga flaski.

Kwenye mkutano wa wazee alikuwa wa kwanza kuongea. Fensi ibaki, alisema. Isiguswe na mtu yeyote isipokuwa Mama Opondo, tena akikata asipunguze urefu.

Mzee Johana akashangaa. "Lakini si ni wewe ulisema ing'olewe?"

"Nilisema, ndugu yangu." Gibson akainamisha kichwa. "Lakini nimefunga siku tatu, na leo nimeonyeshwa."

"Amina," akaitikia Mama Opondo pale mlangoni, kabla ya mtu mwingine yeyote.