Kiambatisho cha Tatu

Nimewahi kuwaandikia wakubwa wa jimbo letu barua nyingi, na karibu zote zililala mahali zilipopokelewa. Moja tu ilifanyiwa kazi, na laiti nayo ingelala.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya sheria mwaka uliotangulia, na nilikuwa katibu wa chama cha watayarishaji wa filamu na vipindi vya televisheni wasio na kampuni nyuma yao, wala kituo cha kurushia, wala mjomba serikalini. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Tulikutana kila Jumamosi mchana mtaani Nyalukemba, Bukavu, sebuleni kwa mama mmoja aliyetutangulia sote katika kazi hiyo, katikati ya viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma na taa za kupigia picha zilizosimama pembeni kama wageni ambao hawajakaribishwa kuketi. Mimi sikuwa nimetengeneza filamu hata moja. Nilichaguliwa kwa sababu nilijua kuanza barua kwa “Mheshimiwa” na kuimaliza bila kuomba nauli.

Shida yetu ilikuwa rahisi kueleza. Ili kusimamisha kamera barabarani Bukavu ulihitaji kibali cha komini, yaani serikali ya mtaa, kibali cha idara ya utamaduni, kibali cha polisi, kibali cha idara ya usalama, na kibali cha utalii iwapo ziwa litaonekana. Na mjini kwetu ziwa huonekana hata ukipiga picha ya sufuria jikoni. Kila ofisi ilitaka kwanza muhuri wa nyingine. Sisi tulitaka jimbo litunge sheria ya kusema: kibali kimoja, ofisi moja.

Kwa wengi wetu hilo lilikuwa suala la heshima. Kwa mama lilikuwa suala la siku. Alikuwa anamalizia filamu kuhusu wanawake wanaobeba mizigo kutoka bandarini hadi juu sokoni, na hakuwa na mwigizaji: mhusika wake mkuu alikuwa mbebaji wa kweli, mwanamke wa makamo mwenye alama ya kamba kwenye paji la uso. Ilibaki picha moja, mbebaji yule akipanda ngazi na mzigo wake tangu chini hadi juu bila kamera kukatizwa. Walikuwa wamejaribu mara mbili, na mara zote mbili wakafukuzwa na wanaume waliouliza karatasi. Mwisho wa mwezi mbebaji alikuwa anahamia Kamituga kwa binti yake, na anayehamia Kamituga kwa barabara ile mbovu harudi kwa ajili ya picha. Bila ngazi zile, mama alisema, filamu yake ilikuwa ya mwanamke anayeketi na kulalamika.

Kwa hiyo niliandika waraka. Kurasa tisa, vifungu vyenye namba, na viambatisho vitatu. Nilijifunza chuoni kwamba hoja isiyo na viambatisho ni maoni tu. Nilipousoma mbele ya wenzangu, mama alinisimamisha.

“Maître,” alisema. Aliniita hivyo kwa kejeli, kwani sikuwa wakili bado. “Hii ya tatu ni ya nini?”

“Ni liste ya wanachama, maman. Jina, avenue, kamera, na numéro yake.”

“Numéro ya kamera? Banataka kuiandikisha ku masomo?”

“Serikali haiwezi kumulinda mutu yenye haimujue.”

“Weye! Serikali ikikujua njo mateso inaanza. Uliza mama yote wa soko.”

Wenzetu walicheka. Nilikasirika jinsi anavyokasirika mtu mwenye diploma ambayo wino wake haujakauka. Nilisimama na kuhutubia. Nilisema kwamba tukijificha kama wezi tutatendewa kama wezi. Kwamba uwazi ndio mwanzo wa haki. Wala hata leo sidhani kwamba maneno yale yalikuwa ya uongo. Nilichokosa ni kuuliza nilikuwa naiambia serikali ipi. Hatimaye, nilipoona mama hasogei, nilitumia hoja ambayo naionea aibu.

“Maman, unataka picha yako ya mu ngazi ao hautake?”

Alirekebisha kitambaa cha kiti kilichokuwa kimeteleza.

“Andika basi. Lakini siku bakikuya hapa, weye njo utabafungulia mulango.”

Niliandika. Namba ya kamera yake nilikosea tarakimu mbili nilipochapa, nikazisahihisha kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri wa darasani.

Ikabaki desturi ya nakala. Kwetu barua rasmi isiyo na mkia wa nakala ni kama mtu aliyeingia msibani bila kusalimia. Unamwandikia waziri, lakini chini unaorodhesha, kwa kufuata ngazi ya vyeo, kila mkubwa anayeweza kuudhika asipotajwa. Niliorodhesha mkuu wa jimbo, spika wa bunge la jimbo, mawaziri wawili, mkuu wa polisi, mkuu wa idara ya usalama, meya na wakuu wa komini zote tatu. Kisha nikazunguka mji kwa miguu siku mbili, nikikabidhi kila mmoja nakala yake pamoja na viambatisho vyote, na kudai muhuri wa kupokelewa. Viatu vyangu vilijaa tope jekundu na moyo wangu ulijaa fahari. Yeyote aliyetaka kujua mahali zilipolala kamera za watu kumi na mmoja hakuhitaji tena mpelelezi. Nilikuwa nimempelekea ofisini, nikamshukuru kwa kupokea.

Waziri alitukaribisha wiki iliyofuata. Alikuwa waziri wa utamaduni, sanaa, vijana, michezo, utalii, na jambo jingine kuhusu mazingira lililoongezwa kwa kalamu kwenye kibao cha mlango. Chumbani pa kungojea palikuwa na televisheni kubwa ikionyesha tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za Kifaransa. Karani alikuwa akiifuatilia kwa makini kiasi kwamba tulipomsalimu alituinulia kiganja tungoje mpaka bibi harusi aache kulia. Tulingoja, sisi watayarishaji wa jimbo, mpaka bibi harusi wa nchi nyingine akamaliza kulia.

Mheshimiwa aliupekua waraka wangu kwa kidole gumba. Kurasa tisa zilipita kama upepo. Alisimama kwenye kiambatisho cha tatu.

“Hii njo kazi!” alisema. “Munaona? Batu ya kujipanga. Nani alifanya hii?”

Nilikiri kwamba ni mimi. Alinipa mkono. Nakiri pia kwamba nilihisi mkono ule mpaka jioni.

“Mutanitengenezea filme moja,” aliendelea. “Siku nilienda Kamanyola kufungua kiwanja, batu walijaa, walijaa, lakini picha zilitoka mubaya. Uso yangu yote ilikuwa kivuli.”

Wenzangu walipiga makofi kana kwamba ametangaza sheria. Tulipigwa picha pamoja naye. Katika picha hiyo, ambayo ninayo bado, sote tunatabasamu isipokuwa mama, ambaye anaitazama saa ya ukutani.

Jumamosi moja kabla ya mwisho wa mwezi tulikuwa sebuleni kwake tukijadili rangi ya kadi za uanachama. Mlango ukagongwa. Mama hakuinuka. Alinitazama mimi, nami nikaenda kuufungua.

Walikuwa wanaume wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi na mkoba wa plastiki. Mkubwa wao alitoa karatasi. Niliitambua kabla hajaikunjua.

“Bonjour, maman. Tunatafuta kamera moja nyeusi. Numéro inamalizika na…” Alisogeza karatasi kwenye mwanga. “Saba, nne.”

Hizo zilikuwa tarakimu zangu mbili, kwa mwandiko wangu wa darasani.

“Ilifanya nini?” mama aliuliza, kana kwamba wanamtafuta mtoto wake.

“Haikufanya kitu, maman. Kuko arrêté mupya, amri ya jimbo. Kila kamera inaomba kuwa na kibali yake. Kama haiko nayo, tunaichunga.”

“Munainyanganya.”

“Hapana, maman! Tunaichunga tu.”

Tulikuwa tumeomba vibali vitano viwe kimoja. Jimbo lilikuwa limetusikiliza kwa makini, likatunga cha sita.

Walifunga begi la kamera kwa utepe, wakaupiga muhuri, wakamwandikia mama hati ya mapokezi. Aliwapa viti, akawauliza hata kama wanakunywa chai. Walipokuwa wakitoka, yule mkubwa alinigeukia kwa wema wa kweli.

“Ni weye secrétaire? Liste yako iko propre sana. Hata ma avenue uliandika muzuri. Batu wengine banatutesa kutafuta.”

Hawakuhitaji kubisha hodi nyumba nyingi zaidi siku ile, kwa kuwa wenye kamera wengi walikuwa hapo sebuleni, na baadhi walikuwa wamekuja nazo, zikafungwa utepe palepale.

Jumatano nilikwenda kumwona mshauri wa waziri. Nilikuwa nimejiandalia vifungu vya katiba. Nilimkuta akimenya karanga juu ya gazeti, akanikaribisha kama shemeji.

“Kamera ya ule maman? Ah, hiyo si shida. Kesho asubuhi anaipata.” Alifuta chumvi vidoleni, akavuta droo na kunipa fomu. Juu yake palichapwa: orodha ya nyongeza. “Lakini jeune homme, liste yenu haikutimia. Kuko benye kupiga ma clip, kuko ba ndoa, kuko ba makanisa. Weye unabajua bote. Weka hapa majina kumi tu, unaenda na kamera.”

“Lazima niulize wanachama.”

“Kuuliza ya nini? Weye njo secrétaire.”

Ningependa kuandika kwamba nilimrudishia fomu yake. Nilichukua kalamu. Nilifikiri juu ya mama, juu ya ngazi, juu ya gari la Kamituga lililokuwa linaondoka Ijumaa, na nikajiambia kwamba jina la mtu si mtu. Niliandika namba moja na nukta. Kisha nikaandika herufi ya kwanza ya jina la fundi mmoja wa picha za harusi wa Kadutu, mtu asiyekuwa mwanachama wetu wala wa chama chochote, na ambaye hakuwahi kunikosea.

“Usisahau numéro ya kamera,” mshauri alisema huku akitafuna. “Mu ile ya kwanza ulifanya muzuri.”

Sifa ile ndiyo iliyonizuia, si katiba. Niliifuta herufi kwa mistari mpaka karatasi ikatoboka, nikaikunja fomu na kuondoka. Nyuma yangu nilimsikia akisema kwa masikitiko kwamba vijana wa siku hizi hawapendi maendeleo.

Nilimweleza mama yote jioni ileile, pamoja na herufi. Aliniuliza ilikuwa ya nani. Nilipomwambia, aliweka chini kikombe alichokuwa akikikausha.

“Ule? Ule njo alikuya kupiga picha siku ya kuzika bwana yangu. Alisimama mu mvua. Hakuomba kitu.” Alikipindua kikombe kwenye sinia. “Ungeandika jina yake, Maître, kamera ningeirudisha kwabo mi mwenyewe.”

Alinyoosha mkono.

“Telephone yako njo ile mupya walikununulia ya diplôme?”

“Ndiyo, maman.”

“Iko na chaji?”

“Iko.”

“Leta. Niambie na code. Kesho asubuhi unakuya hapa, unabakia na nyumba.”

“Sitakuja na nyinyi ku ngazi?”

“Weye? Ukifika kule utaanza kuandika batu.”

Alhamisi asubuhi niliketi peke yangu kwenye sebule ile tangu saa moja. Niliosha vikombe. Nilifagia pasipohitaji kufagiwa. Nilijaribu kuandika waraka mpya, nikagundua kwamba najua kuandika kwa waziri tu, na kwamba sikuwa na la kumwambia waziri.

Mama alirudi karibu na adhuhuri, vumbi hadi magotini, akaketi bila kuvua kitambaa cha kichwa. Hakuna aliyewauliza karatasi, alisema. Watu wote pale bandarini walikuwa wameinua simu, na yake ilikuwa moja tu kati ya hizo.

“Lakini ule maman alipanda mara tatu,” alisema. “Na mufuko yenye kujaa.”

“Kwa nini tatu?”

“Conseiller wako, ule mushauri wa waziri, alikuwa anapiga simu. Mara ya kwanza tulikuwa katikati, picha ikakatika. Tukarudia. Akapiga tena. Mara ya tatu nilipata mutoto ya bandari akanionyesha namna ya kumufunga mudomo.” Alinipa simu. “Ule maman alikata pumuzi kabisa, maskini. Lakini hakukataa.”

Ijumaa mbebaji aliondoka. Nilikwenda kumsaidia kupakia mizigo yake. Alinikatalia, akaipakia mwenyewe, kwa haraka zaidi kuliko mimi ningefanya.

Kamera ya mama inachungwa hadi leo ninapoandika. Waziri yule amebadilishwa. Aliyemfuata aliuandikia uongozi wa chama akiomba orodha iliyohuishwa, nami nikamjibu kwamba katibu hayupo. Filamu ilionyeshwa miezi kadhaa baadaye katika ukumbi wa parokia, kwenye shuka nyeupe. Mwanamke anapanda ngazi, pumzi yake inasikika kuliko mji mzima, na anapofika juu anatua mzigo bila kutazama kamera. Kisha giza. Tulingoja majina ya watengenezaji. Hayakuja, mama hakuandika hata moja, wala lake, na kwa kumfuata yeye nami sikumtaja mtu katika kurasa hizi.

Mwalimu mmoja aliyeketi mbele alisimama na kugeuka.

“Nani alitengeneza hii filme?”

“Na weye, nani alikutuma kuuliza?” sauti ya mama ilijibu kutoka nyuma gizani.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwalimu alicheka pia, akaketi. Mimi nilicheka baada ya wengine kunyamaza, na mwanamke mmoja aliyekuwa kando yangu akanitazama.